Sura ya Sita: Posho ya Safari na Posho ya Hatari

Kutoka Sumbawanga mjini kwenda Kaoze unashuka. Uwanda wa Ufipa uko juu na baridi yake inajulikana. Watu wake wanalima mahindi, maharage na ulezi wakiwa wamevaa makoti. Ukifika ukingoni, kwenye Lyamba lya Mfipa, nchi inakatika. Upite Ntendo kuelekea Muze au Kalambanzite kuelekea Ilemba, gari litateremka kwa gia ndogo hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto, mpunga, mbu na samaki. Kaoze ni kata ya huko chini. Ni sehemu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, ambayo makao yake makuu yako Laela, juu. Ofisi inayopanga fedha za afya iko upande mmoja wa ukingo, na magonjwa ya mlipuko yanapenda kuanzia upande wa pili.

Nimeanza na jiografia kwa sababu, kama tutakavyoona, ndiyo inayoamua nani analipwa dharura inapoingia.

Mwaka 2018 kipindupindu kilisumbua bonde hili. Kilikuwa mkia wa mlipuko mrefu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuzunguka karibu kila mkoa. Kufikia Januari 2018, Bara na Zanzibar kwa pamoja zilikuwa zimehesabu wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Wakati sehemu kubwa ya nchi imeshaanza kupumua, Wilaya ya Sumbawanga ilikuwa bado inaripoti wagonjwa wapya. Anayelijua bonde hakushangaa. Kambi za wavuvi huhamahama na samaki, na hakuna anayechimba choo mahali atakapoondoka mwezi ujao. Masika mito inashuka kutoka ukingoni na kila ilichokiokota njiani, na maji hayohayo ndiyo ya kunywa.

Kambi ya kipindupindu haina mitambo ya ajabu. Ni mahema, au madarasa yaliyoazimwa, yenye vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati na ndoo chini ya tundu. Kuna dripu, kuna chumvichumvi za ORS, na kuna klorini. Klorini ya unga huchanganywa kwa viwango tofauti: asilimia 0.05 ya kunawia mikono, asilimia 0.2 ya sakafu, aproni na mabuti, na ile kali ya asilimia 2 ya kumwaga kwenye ndoo za matapishi na kuoshea maiti. Akichoka mtu akachanganya vibaya, ama anaunguza mikono yake ama anaacha vimelea vikiwa hai. Na kuchoka kupo. Mtu mzima wa kilo 60 aliyefika akiwa amekauka anatakiwa apewe lita 6 za maji ya mshipani ndani ya saa 3. Hizo ni chupa 12 za nusu lita kwa mgonjwa mmoja. Wakiwa 10 kwa pamoja, muuguzi atabadilisha chupa 120 kabla ya jua kusogea, huku akitafuta mishipa iliyojificha kwa kukosa maji na huku ndugu wa wagonjwa wakimwita dada, sista, mama, njoo huku. Kazi hii ikifanywa sawasawa, hafi hata mgonjwa mmoja katika 100. Isipofanywa, nusu ya waliozidiwa wanaweza kuondoka.

Muuguzi hayuko peke yake. Yuko tabibu, yuko bwana afya anayefuatilia visima, na yuko mhudumu anayebeba zile ndoo, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliye karibu na hatari kuliko wote. Kuna mpulizaji dawa, mlinzi wa mlangoni, dereva aliyembeba mgonjwa kiti cha nyuma, na kijana wa kijijini anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ameharisha. Hawa ndio dharura yenyewe. Sasa tufungue daftari la malipo.

Mtumishi wa umma wa Tanzania anayelala nje ya kituo chake cha kazi hulipwa posho ya kujikimu. Tangu Julai 2022 kiwango cha chini kwa safari za ndani ni shilingi 100,000 kwa siku, na cha juu ni 250,000. Ofisa akishuka kutoka Laela au Sumbawanga kuja kusimamia mlipuko Kaoze, akalala siku saba, analipwa siku saba. Ni haki yake, maana anakula na kulala ugenini. Lakini muuguzi aliyepangiwa Kaoze hajasafiri. Kituo chake cha kazi ndicho kilichougua. Atakesha usiku ule ule, kwenye hema lile lile, na kwa kanuni hii hadai hata senti, kwa sababu kitanda chake kiko umbali wa kutembea kwa miguu.

Zipo posho za kazi za ziada na za kuitwa kazini, na sitaki msomaji adhani kwamba mtumishi wa zahanati hana kitu kabisa. Ila hizo hutegemea halmashauri au kituo kina nini kwenye akaunti, na mwezi wa mlipuko ndio ambao dizeli, dripu na klorini vinatangulia foleni. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya afya na zahanati hupokea fedha za mfuko wa pamoja moja kwa moja kwenye akaunti zao. Hatua hiyo ilikuwa nzuri. Hata hivyo, kwa zahanati ya bondeni inayohudumia kijiji, wiki mbili za kipindupindu zinaweza kumaliza kilichokusudiwa kwa miezi.

Tazama basi tulichokijenga bila kukusudia. Kanuni zetu zinalipa safari, hazilipi hatari. Kadiri unavyokaa mbali na ndoo, ndivyo posho yako inavyokuwa na jina, fungu na fomu. Kadiri unavyoisogelea, ndivyo inavyogeuka kuwa shukrani ya mdomo kwenye mkutano wa hadhara.

Wako watakaosema muuguzi alikula kiapo, na kiapo hakina posho. Hoja hii nimeisikia kwa watu wazima wenye heshima zao, na siikubali. Polisi, mwanajeshi na mzimamoto nao wamekula kiapo, na hatuwaambii waingie motoni bila kofia. Kiapo kinamfunga anayetumwa na anayemtuma.

Hapo ndipo ninapotaka kuweka mpangilio sawa, kwa sababu wapigania posho wenyewe wakati mwingine wanaupindua. Kinga kwanza, fedha baadaye. Kumpa mtu shilingi badala ya glavu ni kununua uhai wake, na hakuna chama cha wafanyakazi kinachopaswa kuuza bidhaa hiyo. Machi 2023 Marburg ilipotokea Mkoa wa Kagera, katika kata za Maruku na Kanyangereko, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Wawili kati ya wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya waliowapokea wenzao, na mmoja wao hakupona. Walikuwa wanatibu homa kama homa nyingine zote. Jina la ugonjwa lilikuja baadaye. Ndiyo tabia ya magonjwa haya. Mhudumu wa kwanza humkuta mgonjwa kabla ya tangazo la waziri, kabla ya gari la vifaa kutoka Dodoma, na kabla neno dharura halijaandikwa popote. Kwa hiyo glavu, barakoa, aproni na klorini vinavyokuja na tangazo vinamchelewa yeye. Vinavyomwokoa ni vile vilivyokuwa kabatini wiki iliyotangulia.

Mwaka uliotangulia, Septemba 2022, Ebola ilikuwa imezuka Mubende, Uganda. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafariki. Mmoja wa waliofariki alikuwa daktari Mtanzania aliyekuwa huko akisomea upasuaji. Mwanafunzi wa udaktari anaingia wodini kama daktari, anaguswa na damu kama daktari, lakini kwenye karatasi za ajira mara nyingi yeye ni mwanafunzi tu. Uganda ilikuwa na historia ya uchungu zaidi. Mwaka 2000, Hospitali ya Lacor huko Gulu ilizika watumishi wake 13, wa mwisho akiwa Dk. Matthew Lukwiya, aliyefariki Desemba 5. Katikati ya mlipuko ule wauguzi walikusanyika wakitaka kuondoka. Walikuwa na kila sababu. Walibaki kwa sababu Lukwiya, mkubwa wao, alibaki pamoja nao wodini. Nampa heshima zote Lukwiya, lakini serikali haiwezi kupanga bajeti kwa kutegemea kwamba kila wilaya itazaa mtu wa namna hiyo.

Kinga ina sura nyingine ambayo bajeti zetu huisahau: ulinzi wa mtu dhidi ya watu. Aprili 19, 2019, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko wa Shirika la Afya Duniani, Dk. Richard Mouzoko, alipigwa risasi akiwa hospitalini Butembo, Kivu Kaskazini, na watu wenye silaha waliovamia kikosi cha Ebola. Ufipa hakuna vita. Lakini uvumi kwamba wauguzi wanaleta ugonjwa hauhitaji vita. Unahitaji vifo viwili vya ghafla na mtu mmoja mwenye sauti.

Turudi kwenye fedha, maana zikitolewa vibaya nazo zinaua. Mfano wa kusomwa kila mahali ni Sierra Leone. Katika Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014 hadi 2016, kwa hesabu za WHO za mwishoni mwa 2015, wahudumu 881 waliambukizwa katika nchi tatu, na 513 wakafa. Sierra Leone iliahidi posho ya hatari, na ahadi ilikuwa safi. Malipo yakachelewa. Majina ya watu wasiokuwapo yakajaa kwenye orodha, na waliokuwapo wakakosekana. Novemba 2014 mjini Kenema, wazikaji waliokuwa hawajalipwa posho yao waliacha maiti za Ebola hadharani, mlangoni mwa hospitali. Walifukuzwa kazi kwa kitendo hicho, na kitendo kilikuwa kibaya kweli. Lakini nani alianza? Baadaye malipo yalihamishiwa kwenye simu, kila mfanyakazi akiwa na namba yake iliyohakikiwa, na muda wa kusubiri ukashuka kutoka zaidi ya mwezi hadi kama wiki moja. Migomo ikapungua. Kiwango cha posho hakikuongezwa kwa sababu hiyo. Ilianza tu kufika kwa mwenyewe.

Sisi tuna simu za malipo mpaka kwenye kambi za wavuvi wa Rukwa. Mvuvi analipwa samaki wake kwa simu kabla hajakausha nyavu. Sioni kwa nini mpulizaji dawa asubiri robo ya mwaka.

Ghana ilijifunza jambo lingine. Aprili 2020 Rais Akufo-Addo alitangaza nyongeza ya asilimia 50 ya mshahara wa msingi kwa wahudumu wa mstari wa mbele wa UVIKO-19, pamoja na bima ya maisha ya cedi 350,000. Ubishi ukaanza kesho yake: nani yuko mstari wa mbele? Daktari wa wodi ya UVIKO, sawa. Na muuguzi wa mapokezi ambaye hajui anayekohoa mbele yake ana nini? Na mfua mashuka? Ukisubiri ugonjwa uje ndipo uandike orodha, orodha itaandikwa na aliye karibu na kalamu.

Kenya, Desemba 2020, alifariki daktari wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa UVIKO kwa mkataba. Kwa mujibu wa chama cha madaktari, alikuwa hajalipwa mshahara miezi mitano na hakuwa na bima ya matibabu. Mwezi huohuo wauguzi na matabibu waligoma, kisha madaktari, wakidai vifaa vya kinga, bima na posho ya hatari. Kijana yule hakuwa amekosa posho ya ziada tu. Alikosa ile ya kawaida.

Na sisi tusijifanye wageni wa madai haya. Mwaka 2012 madaktari wa Tanzania waligoma, na katika orodha yao ilikuwamo posho ya mazingira hatarishi ya asilimia 30 ya mshahara. Waziri Mkuu aliyekaa nao mezani alikuwa Mizengo Pinda, mtu wa Mpanda, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa mpaka Katavi ilipozaliwa mwaka huohuo. Mgomo uliumiza wagonjwa, na mwezi Juni kiongozi wa madaktari, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa na kukutwa Mabwepande akiwa amepigwa vibaya. Baada ya hapo mjadala wa posho ya hatari ukawa mjadala wa nani ni adui wa nani, na swali lenyewe likabaki pale pale. Nadhani madaktari walikosea jambo moja la mkakati: waliidai posho kama sehemu ya mshahara wa kila mwezi, wa kila daktari, kila mahali. Hazina husikia hapo mzigo wa kudumu na kufunga mlango. Posho inayowashwa na tangazo la mlipuko katika eneo fulani na kuzimwa mlipuko ukitangazwa kwisha ni fedha ndogo, na inaweza kuhesabiwa kabla.

Kwa anayeugua au kufa, sheria ipo, na ni nzuri kuliko wengi wanavyojua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, unawahusu waajiriwa wa sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi. Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi hutibiwa, hulipwa asilimia 70 ya mapato yake akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, na akifariki wategemezi wake hupata malipo na msaada wa mazishi. Muuguzi wa Kaoze yumo.

Tatizo liko kwenye maneno matatu: sababu ya kazi. Muuguzi akiugua kipindupindu wakati kijiji kizima kinaugua, nani atathibitisha alikipata wodini na si kwenye ndoo ya nyumbani kwake? Anayetakiwa kukusanya vielelezo ni mgonjwa mwenyewe, au mjane. California na baadhi ya majimbo mengine ya Marekani yalilitatua hili kwa UVIKO kwa kugeuza mzigo: mhudumu wa afya aliyeugua wakati wa janga alichukuliwa kuwa ameupata kazini, na aliyebisha ndiye aliyetakiwa kuleta ushahidi. Hapa kwetu kanuni moja ya aina hiyo, kwa eneo na kipindi cha mlipuko uliotangazwa, ingewasaidia wajane kuliko hotuba zote za rambirambi. Mwelekeo wa dunia nao ni huo. Juni 2025 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 192, wa kwanza kuhusu hatari za kibaiolojia kazini. Kuuridhia kungetupa pa kuanzia.

Lakini fidia inamtazama mwajiriwa. Yule kijana anayepita nyumba kwa nyumba je? Januari 31, 2024, serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa ni kufikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Kabla ya hapo wengi wao walifanya kazi hii kwa kujitolea, wakipewa fulana na mfuko wa begani. Ufipa ina mazoea ya muda mrefu ya kuhudumiwa na watu wa namna hii. Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani na mapadri Wazungu, akasomea utabibu Malta, alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, na akatibu watu wa mwambao ule mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Wengi hulitamka Atman. Ni jina linalostahili kuwa juu ya mlango. Lakini alikuwa mmishonari ambaye misheni ilimlisha na kumtunza. Kijana wa Kaoze ana mke, watoto na shamba la mpunga linalomsubiri wakati yeye anahesabu wanaoharisha.

Kwa hiyo nasema na wewe diwani, uwe wa Kaoze, Kipeta, Ilemba, Muze au kata yoyote ya bonde. Mvua za kwenu huanza Novemba. Miezi michache baadaye utaketi Laela kujadili mpango wa afya wa halmashauri, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai mosi. Kitabu chake ni kinene na utakipata umechelewa. Tafuta humo fungu la dharura. Uliza kama limetaja malipo ya mtumishi aliyeko kituoni, mbali na posho za wanaosafiri kuja kumsimamia. Uliza mbeba ndoo na mhudumu wa jamii wameandikwa kwa namba gani za simu, na nani atawaombea WCF wakiugua. Uliza klorini na glavu za miezi mitatu ziko kwenye kabati la zahanati ipi. Mganga mkuu akikujibu kwamba hayo yatapangwa dharura ikitokea, usinyooshe mkono kupitisha.